Sare Niliyoshona kwa Imani

Leo nimeaibika. Tena kanisani. Tena mbele ya mama mkwe. Nawasimulia mwenyewe kabla hamjaletewa habari na wengine, maana hapa Lushoto jambo likitokea kanisani, sokoni linafika kabla yako.

Kwanza mjue nilifikaje hapo. Miezi michache iliyopita kwaya yetu ya akina mama iliamua kushona sare mpya kwa ajili ya Sikukuu ya Mavuno. Gauni la kitenge cha zambarau, kiuno kimebana, zipu mgongoni. Wakati huo mimi nilikuwa ndiyo kwanza nimeanza mlo wangu wa nafaka (mnaujua, nimewapigia kelele humu vya kutosha). Asubuhi bakuli la konifleksi na maziwa, jioni bakuli la konifleksi na maziwa, mchana kitu chepesi. Nilimwona dada mmoja kwenye simu, kakonda, anacheka, kashika bakuli. Nikasema Bwana asifiwe, dawa imepatikana!

Wiki ya kwanza sketi ililegea kweli. Hapo ndipo kichwa kikavimba. Fundi Yohana alipokuja kutupima, nikamvuta pembeni.

"Fundi, kiunoni punguza."

"Nipunguze kiasi gani, Mama Upendo?"

"Vya kutosha. Mpaka Mavuno mimi nitakuwa nimeshafika."

"Umefika wapi?"

"Wewe shona kwa imani."

Akaniangalia, akaiangalia futi yake, akaandika. Fundi Yohana ni mtu mstaarabu. Ukishataja imani, yeye habishani tena.

Sasa niseme ukweli kuhusu hiyo nafaka. Si chakula kibaya. Ni kitamu, na ukiweka maziwa ya ng'ombe wa huku kwetu, baridi, ndiyo usiseme. Shida yake hakikai tumboni. Unakula alfajiri, jua halijakausha umande tumbo linakuita kwa jina. Unaongeza kidogo. Unaongeza na sukari, wakati mle mle ndani sukari ipo tayari. Baadaye lile bakuli dogo likapotea (halikupotea, nililificha), nikahamia kwenye bakuli la kuoshea mchele. Na mchana kitu changu chepesi kilikuwa chapati. Chapati ni nyepesi jamani! Ukiibeba huchoki.

Lakini akilini mwangu nilikuwa nakonda. Nani angenibishia? Kioo cha nyumbani kwetu kinaishia mabegani.

Jana mama mkwe akaja kutoka Mgwashi. Huyu mama nataka mumjue. Ana wajukuu wenye ndevu, lakini anapanda mlima na mkungu wa ndizi kichwani huku anaongea, na anayehema ni wewe uliyebeba mkoba. Mgongo umenyooka. Kiuno kama cha msichana. Sahani ya makande anaimaliza na kuongeza, kisha anasimama na kufagia uwanja mzima. Namwogopa kidogo na namhusudu sana, na siri ya ule mlo wangu wote ilikuwa hiyo: nilitaka kiuno cha mama mkwe.

Na safari hii alikuwa amekuja kwa jambo moja tu, kunisikia nikiimba. Zamani yeye ndiye aliyekuwa akianzisha nyimbo kwaya ya kwao. Watu wa Mgwashi mpaka leo wanasema akifungua mdomo, waliokuwa wakilima ng'ambo ya bonde waliacha jembe. Mimi ndiye mwanzishaji wa kwaya yetu sasa, na hakuwahi kunisikia hata mara moja. Vilevile si mtu wa kusifu. Tangu niolewe amenisifu kwa jambo moja, jinsi ninavyokunja mashuka. Basi mnaelewa. Leo nilitaka kuimba mpaka yule mama aseme neno.

Asubuhi ukungu mzito, baridi ya kukata masikio. Nafika jikoni, mama mkwe keshafagia, keshachemsha ndizi na boga, keshakula. Nikapiga goti, shikamoo, marahaba, nikakaa na bakuli langu. Akalitazama.

"Mama Upendo, unaumwa?"

"Hapana, mama. Napunguza mwili."

"Unaupeleka wapi?"

Akaingiza vidole kwenye boksi la konifleksi, akatoa punje moja, akainyanyua kwenye mwanga wa dirisha.

"Hii ni nini?"

"Nafaka, mama. Ni mahindi."

"Mahindi yalifanywa nini?"

Hakucheka. Akairudisha boksini polepole, kama mtu anayemlaza mgonjwa, akasema tusichelewe kanisani.

Nikaingia chumbani kuvaa sare. Tuligawiwa jana jioni mwisho wa mazoezi na sikuwa nimeijaribu (imani!). Ikapita mabegani. Ikapita kifuani kwa majadiliano. Kiunoni ikagoma. Nikavuta, nikalala kitandani, nikajaribu nimesimama ukutani. Wapi! Nikakumbuka nilipojifungua Upendo, mama mkwe mwenyewe alinifunga tumbo kwa kanga mpaka likarudi. Kanga ile ninayo, siitumii ovyo. Nikaitoa, nikajizungushia, nikabana mpaka macho yakatoka, nikajifunika koti na kutangulia mbio kanisani.

Chumba cha kwaya nikamkuta Mama Joshua, rafiki yangu, sauti ya pili.

"Vuta pumzi ndani," akasema, ameshika zipu.

"Nimeshavuta."

"Basi usiitoe."

Zipu ikafika katikati ya mgongo, ikakata tamaa. Mama Joshua akatoa sindano kwenye pochi yake, akanishonea sehemu iliyobaki, mimi nikiwa ndani. Akakata uzi kwa meno.

"Sikiliza," akaniambia. "Usikae. Usipige chafya. Na usimwinamie mtu yeyote, hata askofu akija."

Nikasimama ibada nzima. Watu walidhani ni unyenyekevu. Pale madhabahuni mavuno yalikuwa yamejaa, magunia ya mahindi, maharage, makabichi makubwa, viazi, mikungu ya ndizi, matunda ya plamsi kwenye ndoo, na jogoo aliyefungwa miguu akisikiliza mahubiri kuliko wengi wetu. Ndipo nikakumbuka kwamba kwa ajili ya gauni nilisahau kabisa kuleta sadaka ya mavuno! Lakini nikamwona mama mkwe anapita mbele na kikapu kilichofunikwa kitambaa, anakiweka pamoja na vingine. Nikamshukuru Mungu kwa kunipa mama mkwe mwenye akili.

Zamu yetu ikafika. Nikafungua mdomo. Jamani, sijui ni ile kanga au ni woga, sauti ilitoka kwa namna ambayo haijawahi kutoka. Pumzi ilikuwa kidogo, ikabidi niitumie yote. Pale juu kabisa, mahali ambapo mwalimu wa kwaya huwa anafumba macho kwa wasiwasi, nikapanda, nikakaa, nikashuka taratibu. Uzi wa Mama Joshua ukashika. Mishono ya Fundi Yohana ikashika. Mama mkwe alikuwa benchi la pili, macho kayafumba. Aliyafumbua nilipomaliza.

Nikajua nimeshinda. (Wenzangu, mtu asijue ameshinda akiwa bado amevaa gauni.)

Ibada ikaisha, tukatoka tukiimba, tukajipanga uwanjani kupeana mikono kama kawaida. Wazee wakaanza kupita. Hapa kwetu mzee humsalimii umesimama kama mlingoti, lazima ushuke kidogo. Mimi nikawa nashusha kichwa peke yake.

"Mama Upendo, mgongo vipi?" mzee mmoja akauliza.

"Unauma kidogo, mzee." (Uongo. Siku ya Mavuno.)

Nikawapita wote hivyo hivyo mpaka akafika mama mkwe. Akanishika mkono kwa mikono yake yote miwili.

"Mwanangu," akasema, "mimi sikuwahi kuimba hivyo."

Niambieni, ninyi mngefanyaje? Neno kama hilo, kutoka kwa mama kama huyu, mbele ya usharika wote! Sikufikiri. Goti lilikwenda lenyewe. "Shikamoo, mama."

Kabla hajasema marahaba, PRAAAA!

Sijawahi kusikia kitambaa kikipasuka kwa sauti ile. Jogoo ndani aliitikia. Uzi wa Mama Joshua uliachia kuanzia shingoni, zipu ikafunguka, mshono wa ubavuni nao ukaona usibaki nyuma. Upepo wa mlimani ukanipiga mgongo mzima. Nilikuwa nimepiga goti katikati ya uwanja wa kanisa, gauni limefunguka kama pazia, na mgongoni kwangu imebaki ile kanga, imebana, maandishi yametandazika kwa herufi kubwa:

YALIYOMO YAMO.

Watoto wa shule ya Jumapili walikuwa wamejipanga nyuma yangu. Mwaka huu wamefundishwa kusoma kwa pamoja. Wakasoma kwa pamoja.

Kicheko kilichotoka pale nadhani walikisikia mpaka mji wa Soni. Mchungaji aligeuka ukutani mabega yanatikisika. Mimi sikuinuka. Niliona heri nibaki pale pale chini mpaka kizazi kile kipite.

Mama mkwe hakucheka. Alinizunguka taratibu, akainama nyuma yangu, akasoma. Kisha nikahisi mkono wake unaipapasa ile kanga.

"Hii si ile niliyokuletea alipozaliwa Upendo?"

"Ndiyo, mama," nikasema nikiongea na nyasi.

"Nilijua ilishakuwa tambara la kudekia."

"Hapana, mama. Naitunza."

Halafu akavua kanga ya mabegani mwake, akanifunga kiunoni kwa fundo moja la nguvu, akaniinua kwa mkono. Sikilizeni sasa. Mama Joshua naye akatoa kanga yake kwenye pochi, akajifunga juu ya sare. Aliye pembeni yake akafanya hivyo hivyo. Mwingine akaazima kwa dada yake. Punde kwaya nzima imesimama na kanga kiunoni, hata wale wenye gauni linalowakaa vizuri, na mwenye aibu huwezi kumjua kwa macho. Mwalimu wa kwaya, ambaye hata kilemba kikipinda anapiga filimbi, alifungua mdomo, akawatazama wale akina mama, akaufunga. Machozi yalinitoka. Nawapenda wale wanawake, nasema wazi, na anayetaka kuwasema humu apite kwangu kwanza.

Mngedhani yameisha. Hayajaisha. Baada ya kusalimiana kuna mnada wa mavuno. Mzee wa kanisa akanadi maharage, akanadi makabichi, akamnadi jogoo. Kisha akafika kwenye kikapu cha mama mkwe. Akatoa ndizi. Akatoa boga. Akatoa boksi.

Boksi langu! La konifleksi! Limefungwa vizuri kwa uzi wa mgomba.

Mzee akalitikisa sikioni. "Hii nayo imevunwa wapi?"

"Ni ya mkwe wangu," mama mkwe akajibu kwa sauti iliyofika mpaka barabarani. "Sikutaka asimame mbele za Bwana mikono mitupu. Aliniambia ni mahindi."

Watu wakakaa chini kwa kucheka. Akanadi, kimya. Akanadi tena, kimya. Nikawa naombea mtu yeyote alichukue tuondoke. Ndipo mama mkwe mwenyewe akanyanyua mkono.

"Nipe mimi. Kuku wangu wa Mgwashi wamenenepa mpaka hawatagi. Wacha nao wapungue."

Sasa ni jioni, nawaandikia nikiwa jikoni. Mama mkwe amepika makande. Nimekula sahani moja, nimeshiba, na tumbo halijaniita tena. Kesho anataka nimsindikize kwa mguu mpaka kwa dada yake, kule juu. Nimemuuliza ni mbali? Kasema ni hapo tu. (Mnaijua "hapo tu" ya watu wa milimani. Niombeeni.) Nimeanza kuelewa kile kiuno kilitoka wapi, na hakikutoka boksini.

Gauni nilimwachia Fundi Yohana pale pale kanisani. Maskini alilipokea kama anapokea maiti. Akaniuliza kwa upole, "Mama Upendo, hili nalo nilirekebishe kwa imani?"

Nikamwambia hapana, fundi. Imani tuiache kwa mambo ya mbinguni. Kiunoni pima ulichokikuta.