Mjinga wa Mwandiga na Mfuko wa Manyoya

Uchokozi ulianzishwa na redio ya Nuhu. Nuhu muuza kahawa alikuwa ameifunga kwa mpira wa baiskeli kwenye mguu wa meza yake, na betri kaanika juani tangu asubuhi ili zipate nguvu. Zilipoipata, redio ikakwaruza habari: shirika moja kutoka nchi za theluji limegawa tena mifuko ya kulalia, iliyojazwa manyoya ya bata, kwa wakimbizi wa Burundi walioshuka Kagunga na kupelekwa makambini. Mtangazaji, ambaye bila shaka alikuwa amekaa chini ya feni, akaongeza kwamba ukiwa ndani ya mfuko huo, hata maji yakiganda nje wewe unakoroma tu.

Hapo kijiweni Ujiji, juu ya mtumbwi mbovu uliopinduliwa ukawa benchi, kila mtu alikuwa anajipepea kwa alichonacho.

"Zima hilo dude, Nuhu," alisema Hamdani. "Linatutukana."

"Habari tu hiyo, mzee. Hajatukanwa mtu."

"Manyoya ya bata! Hapa! Mimi nalala dirisha wazi na bado nageuka-geuka usiku kucha kama samaki kwenye kikaango, halafu mtu ananiletea manyoya! Hao watu wana ramani kweli?"

"Ramani wanazo," alidakia Zubery. "Walichokosa ni kipimajoto."

Wakacheka. Zubery aliwahi kupika kwenye meli ya ziwani, na tangu ashuke cheo chake kimekuwa kikipanda kila mwaka. Siku hizo alikuwa amefikia kuitwa Kapteni. Hamdani naye Ujiji nzima ilimwita Bwana Hapana, kwa sababu jambo lolote hulikataa kwanza, halafu ndipo anauliza lilikuwa jambo gani.

Lakini asubuhi hiyo Bwana Hapana alikuwa na sababu ya kukataa kwa sauti kubwa kuliko kawaida. Nyumbani kwake, nyuma tu ya msikiti, mfuko mmoja wa aina hiyohiyo ulikuwa umetandazwa juu ya chanja ya dagaa, umelowa na umejaa mabonge. Aliupata kambini kwa kubadilishana na gunia la dagaa. Ulikuwa wa binti yake Safina, wa kwanza katika ukoo wao kuchaguliwa chuo cha ualimu. Chuo chenyewe kilikuwa Makete, huko ambako watu husema maji ya kwenye ndoo huamka na ngozi ya barafu. Treni ilikuwa kesho jioni, na Hamdani alikuwa anaogopa. Alikuwa na binti mmoja tu na kifua cha binti huyo hakijawahi kukutana na baridi.

Aibu ilikuwa kwamba mwezi uliopita, hapohapo juu ya mtumbwi, alikuwa ameiita mifuko ile majeneza ya nailoni, na wanunuzi wake akawaita washamba.

"Oya, mnakosea," alisema Petero taratibu. Huyu alivuka kutoka Burundi mwaka wa sabini na mbili, akaoa, akajenga, akazeeka, na kijiwe kikambatiza Mwenyeji. "Kambini kule juu, Kasulu, mwezi wa sita baridi inauma. Ubaya wa ule mfuko si joto lake. Ubaya wake, umeshonwa kwa mtu mmoja. Unaingia, unavuta zipu mpaka shingoni, inabaki pua. Sasa mpwa wangu Ininahazwe ana watoto wanne na mfuko mmoja. Amwingize nani, amwache nani?"

Nuhu alijifanya anapuliza mkaa.

"Akafanyaje?" aliuliza.

"Alichofanya kila mtu. Akatafuta mwenye dagaa."

Hamdani akabugia kahawa ya moto, ikamuunguza ulimi, akaimeza hivyohivyo.

"Hao wanunuzi nao!" alisema macho yakimtoka machozi. "Mtu na akili zake ananunua manyoya! Ushamba mtupu. Kuna mjinga mmoja, mimi namfahamu, mtu wa Mwandiga huko, kanunua."

"Mwandiga?" Zubery alimtazama, au tuseme alitazama kofia yake. "Mjinga wa Mwandiga kanunua wa aina gani? Maana kuna mfuko na mfuko, Bwana Hapana. Mimi nimewapikia wapanda milima, nawajua."

"Acha kamba. Umewapikia wavuvi wa Ilagala."

"Na wapanda milima! Wamekuja hapa na mizigo mgongoni, wanakwenda Mahale. Mfuko unauminya hivi, na viganja viwili, unaachia. Ukifura upesi kama andazi, hayo ni manyoya laini ya kifuani mwa bata. Ukichelewa kufura, na ukisikia vijiti vinakuchoma, umeuziwa kuku."

"Wake ulifura upesi sana," alisema Hamdani.

"Ulikuwepo?"

"Nilisimuliwa."

"Je, urefu? Maana ukimweka mtu mfupi kwenye mfuko mrefu, miguu inalala chumba cha peke yake, inapata baridi."

"Umemtosha vizuri, mpaka kichwani una kofia ya kuk... Alisema umemtosha. Huyo mjinga."

"Mbona basi mjinga?" aliuliza Nuhu. "Kapima, kachagua, umemtosha. Mwepesi wa kubeba, unakunjika ukawa kama mkate. Blanketi mbili nzito zingemvunja mgongo. Mimi naona mtu wa Mwandiga ni mwerevu."

Hamdani alifurahi mpaka akasahau kubisha. Furaha haikudumu, kwa sababu lililomleta kijiweni lilikuwa bado kooni.

"Mjinga kwa sababu kaufua," alisema.

"Si vibaya kufua."

"Kwa sabuni ya mawese."

Zubery alishika kichwa.

"Kipande kizima," aliendelea Hamdani, kwa sauti iliyokuwa inapungua. "Halafu wakaukamua. Mke wake upande mmoja, yeye upande mwingine, kama blanketi. Mpaka maji yakaisha. Halafu wakauanika kwenye chanja ya dagaa."

Kijiwe kililipuka. Nuhu alicheka mpaka kashata zikaanguka kwenye mchanga. Zubery alisimama, akakaa, akasimama tena.

"Kwenye dagaa! Jamani! Bata wa watu kasafiri kutoka Ulaya, anakuja kunuka dagaa! Paka wa Mwandiga wote wanajua anakoishi!"

"Wanajua," alikiri Hamdani.

"Na mafuta ya mawese yanagandisha manyoya! Manyoya yanakaa na joto kwa sababu yamefura, yameshika hewa. Ukiyapaka mafuta yanashikana mabonge, kati ya bonge na bonge kuna nailoni mbili tu na upepo. Huyo mtu hajafua mfuko. Kapika mchuzi!"

"Mshamba," alisema Nuhu.

"Mshamba wa kutupwa," alisema Zubery. "Mtu wa hivyo angepewa hata ndege angemfuga kwenye kisima. Ana watoto?"

"Anaye binti."

"Masikini mtoto wa watu. Atakufa na baridi kwa sababu ya baba."

Hamdani aliinamisha kichwa akajifanya anatoa mchanga kwenye kandambili. Maneno yale yalimchoma kweli. Aliwachukia wote kwa pamoja, mtumbwi na redio pamoja nao, lakini hakuondoka, kwa sababu hakuwa na pengine pa kuuliza.

"Kwa hiyo," alisema bila kuinua uso, "huyo mjinga, hata kama anastahili kuchekwa, afanye nini? Nauliza tu. Nikipita Mwandiga nimwambie."

"Autupe."

"Hapana!"

Aliitamka kwa nguvu hata bata wa Mama Rozalia, waliokuwa wanachokonoa matope, wakakimbia. Wote wakamtazama. Petero, ambaye hakuwa amecheka sana muda wote, akaweka kikombe chini.

"Niwaambie kisa," alisema. "Siku ya kugawa, wale wa shirika waliwafundisha akina mama namna ya kuutunza. Mpwa wangu ana akili, alishika yote. Basi akaja mnunuzi kutoka huku kwetu na gunia lake la dagaa. Mtu mrefu hivi, anabishana hata na mwenye mzigo wake mwenyewe. Wakapatana. Ininahazwe, kwa moyo mzuri, akamwambia: 'Mzee, siku ukiufua, usi...' Mzee akasema, 'Hapana.' Akamwambia, 'Usiukamue, na sabuni iwe...' Mzee akasema, 'Hapana, hapana, mama, mimi nimefua nguo kabla hujazaliwa.' Akaubeba akaenda zake."

Hamdani alikumbuka uso wa yule mama, mdogo na mkavu, na mtoto mgongoni, na jinsi mdomo wake ulivyobaki wazi na neno ambalo hakupewa nafasi ya kulimaliza.

"Alitaka kusema nini?" aliuliza. Sauti yake haikuwa na ubishi hata chembe.

"Alitaka kusema hivi. Sabuni ya kawaida, kidogo sana. Ikishaingia nyingi, suuza, na suuza, na suuza tena, mpaka maji yatoke hayana povu wala utelezi. Maji yatoe kwa kukandamiza na viganja, mfuko ukiwa umelala chini kwenye turubai. Usiushike upande mmoja ukaunyanyua, manyoya yakilowa ni mazito, yatachana vyumba vyake ndani. Uingize mikono chini yake kama unambeba mgonjwa. Utandaze penye upepo, mbali na samaki. Halafu ndiyo kazi yenyewe: kila bonge ulitafute kwa vidole juu ya kitambaa, ulichambue, ugeuze, urudie. Kutwa nzima. Mtu mmoja hawezi, vidole vitakufa ganzi kabla hajafika katikati."

"Ukikauka unaushindilia kwenye mfuko wake mdogo?" aliuliza Nuhu.

"Ni kwa safari tu. Ukifika, unautoa, unauning'iniza au unauweka kwenye gunia kubwa ulegee. Kila asubuhi unaupigisha hewa kabla ya kuukunja. Na alalie kanga ndani, jasho liishie kwenye kanga."

Hamdani alikuwa anaitikia kwa kichwa kila neno, midomo ikirudia. Akahesabu moyoni mikono iliyokuwepo nyumbani: ya mkewe Zaitun, ya Safina, na yake mwenyewe yenye baridi yabisi. Akalitazama jua, na jua lilikuwa limeshapanda.

"Nitamwambia," alisema. "Ingawa hastahili."

"Hastahili kabisa," alisema Zubery.

"Mtu mbishi vile!" alisema Nuhu.

"Huwa nawaona watu kama hao," alisema Hamdani, akijitahidi kurudi kwenye dharau yake ya kila siku, na dharau ikawa inamponyoka. "Wanaharibu halafu..."

Safina alikuwa anakuja mbio kutoka upande wa msikiti, ushungi umemteleza, mikono yote miwili imejaa utelezi wa sabuni mpaka kwenye viwiko. Akasimama mbele ya mtumbwi, akakumbuka adabu.

"Shikamooni."

"Marahaba," waliitika wote pamoja.

"Baba, mama anasema uje. Paka wamepanda tena juu ya mfuko, mmoja kauchana pembeni, manyoya yanapeperuka uani kote. Mama analia. Anasema bora niende na mashuka tu, nitazoea."

Nuhu aligeukia redio akaanza kuzungusha kitufe cha redio iliyozimwa. Zubery alitazama ziwani. Hamdani alikuwa mwekundu macho, na kila mtu aliona kwamba si moshi wa mkaa.

Zubery ndiye aliyeinuka. Akanyoosha mkono, akachomoa unyoya mmoja mweupe uliokuwa umenasa kwenye kofia ya Hamdani tangu asubuhi, akautazama kwenye mwanga, akaupuliza. Unyoya ukaenda juu, ukakataa kushuka.

"Wa kifuani kabisa," alisema. "Mjinga wa Mwandiga alichagua vizuri. Jamani, inukeni, twendeni Mwandiga tukamsaidie yule mshamba."

"Twendeni," alisema Petero. "Nuhu, lete turubai lako la mvua. Mama Rozalia ana uzi na sindano, tumpitie."

Nuhu alikuwa ameshaanza kumwagia mkaa maji. Safina aliwatazama mmoja baada ya mwingine.

"Mwandiga?" aliuliza. "Wazee, nyumbani ni hapo tu nyuma ya msi..."

"Mwanangu," alisema Petero, akimshika bega, "sisi tulikimbia nchi nzima tukahamia hapa. Mwandiga nayo ikikimbilia nyuma ya msikiti kwa siku mbili, kuna ubaya gani? Tangulia."

Wakaondoka kwa msururu, turubai begani, wakimtukana mjinga wa Mwandiga kwa kila hatua: ubishi wake, sabuni yake, paka wake. Hamdani alitembea katikati yao akiitikia kila tusi. Walipofika kwenye mlango wake, Petero akamgeukia.

"Ninakwenda kambini Jumapili," alisema. "Ininahazwe nimpe salamu gani kutoka kwa yule mzee wa dagaa?"

Hamdani alivua kofia.

"Mwambie amalizie neno lake," alisema. "Ninasikiliza."