Jembe la Posa na Mapigano ya Liuli

Jumapili, 7 Agosti

Ushindi! Kikao cha ukoo kimenipa ushenga. Mimi ndiye nitakayekwenda Liuli kumposea Urban.

Niandike sawasawa, ili hata nikisahau nisibishane na mtu. Urban ni mtoto wa marehemu mdogo wangu. Nimemlea mimi. Anampenda Stella, binti wa Mzee Stephano wa Liuli. Na Liuli, kwenye ufukwe wa Ziwa Nyasa, ndiko meli ya Mwingereza ilikoipiga mzinga meli ya Mjerumani mwezi Agosti 1914, vita kuu ikiwa haijamaliza hata mwezi. Mjerumani alikuwa ameipandisha meli yake nchi kavu kuitengeneza. Inasemekana nahodha wake hakuwa na habari kwamba kuna vita.

Nimefundisha mapigano hayo miaka yangu yote ya ualimu. Nimeyachora ubaoni kwa chaki za rangi. Kufika, sijafika. Kila nilipoomba safari ya wanafunzi, mkuu wa shule aliuliza gari litatoka wapi.

Sasa gari litatoka kwa ukoo.

Shemeji yangu Othmar, karani mstaafu, naye aliutaka ushenga. Alisema mshenga sharti awe mtu mpole. Nikawauliza wazee jina langu ni nani. Wakajibu Mansuetus. Nikawaeleza maana yake kwa Kilatini ni mpole. Hoja ikafa. Othmar alinung'unika kwamba hata mbwa wake anaitwa Simba.

Nikapendekeza tuende Jumamosi tarehe 13, kwa kuwa kahawa iliyoanikwa itakuwa imekwisha kuingizwa ndani. Wote wakasema Mwalimu ameona mbali. Hakuna aliyekumbuka kwamba tarehe 13 ndiyo siku yenyewe ya mapigano. Nimewafundisha nusu yao!

Jumatatu, 8 Agosti. Nane Nane

Urban amekuja. Aliniamkia, akakaa, akageuza kofia mikononi kwa muda mrefu. Kisha akasema kuna bwana mmoja wa ofisini, mgeni kutoka mkoa mwingine, ana gari, na washenga wake watafika kwa Mzee Stephano wiki ijayo. Stella amemwambia wazi kwamba yeye hamtaki bwana huyo, lakini sisi tukiharibu Jumamosi, wazee hawatatungoja. Ndipo akaniomba: Baba mkubwa, nakusihi, siku hiyo usizungumze historia.

Nilimhurumia. Nikamwahidi kwamba sitaizungumza.

Sikuahidi kwamba sitaichimba.

Maana nimekwisha kupanga. Mzinga hauwezi kupigwa bila kipande cha chuma kuanguka mahali. Nikipata kipande kimoja tu, kitakaa kabatini sebuleni, na Othmar atakitazama kila akija kunywa chai.

Jumatano, 10 Agosti

Jembe la posa limenunuliwa. Zuri, jeusi, nembo ya karatasi bado imebandikwa. Katika ukoo wetu jembe la posa hupelekwa bila mpini, na halipaswi kuwa limegusa udongo. Jembe lililokwisha kulima ni tusi. Ni kumwambia mkwe kwamba binti yake hastahili kitu kipya. Miaka ya nyuma ukoo mmoja wa bondeni ulipeleka jembe lililotumika, na mpaka leo koo hizo mbili hazizikani.

Mke wangu Tadea amelifunga kwa khanga mpya. Kisha, bila kuulizwa na mtu, akafungua mfuko wangu wa safari. Akatoa kijembe cha bustani. Akauliza kama Liuli tunakwenda kuposa au kupalilia. Nikasema ni cha kujikinga na nyoka. Alinitazama kama mtu anayesoma tangazo la zamani, akakirudisha kijembe stoo, akafunga kufuli.

Kipigo kidogo. Majeshi makubwa yote yamewahi kupoteza silaha njiani.

Ijumaa, 12 Agosti

Liuli! Tumefika kabla ya jua kuzama. Gari lilipomaliza milima na ziwa likaonekana lote, jicho langu liliingiwa na vumbi. Othmar alisema vioo vimefungwa.

Tumepanga nyumba ya wageni. Mara moja nikatoka kutafuta mahali pa mapigano. Mvuvi mmoja akanionyesha kaskazini. Mama muuza dagaa akanionyesha kusini. Mzee wa tatu akasema meli ilikuwa pale pale niliposimama, kisha akaomba tumbaku. Nimechagua mahali panapofanana na mchoro wangu wa ubaoni.

Tadea amenipokonya hata kijiko. Lakini desturi ni desturi: jembe la posa hulala na mshenga, na mtu mwingine haligusi. Liko chini ya kitanda changu. Nimelifikiria sana. Desturi inakataza udongo. Ufukweni kuna mchanga. Hakuna mzee yeyote wa ukoo aliyewahi kutamka mchanga.

Jumamosi, 13 Agosti

Nianze mwanzo.

Posa ilikuwa saa nne. Saa kumi na mbili alfajiri nilikuwa ufukweni na jembe. Bila mpini ilinibidi nipige magoti na kulishika kwa mikono miwili, kama mtu anayekwangua ukoko wa ugali. Akina mama waliokuwa wakisugua masufuria wakaniuliza, Shikamoo babu, umepoteza funguo? Nikawajibu marahaba, natafuta mabaki ya Mjerumani.

Kosa. Kosa kubwa! Katika nchi hii huwezi kutamka Mjerumani ukiwa umeshika jembe. Mmoja akamnong'oneza mwenzake kwamba babu ana ramani ya dhahabu iliyofukiwa na Mjerumani. Kabla sijachimba mashimo matatu, watu walikuwa wamejaa. Walichimba kwa sufuria, kwa kasia, kwa sahani za plastiki. Mama mmoja mnene mwenye kitambaa cha njano alinisukuma kwa nyonga na kuniambia nisogee, shimo hili amelianza yeye. Hakuwa ameanza chochote. Lilikuwa shimo langu!

Nikagonga jiwe. Chini ya jiwe, chuma! Kipande chenye kutu, kimepinda, chenye tundu upande mmoja. Nikakitia mfukoni. Mama wa kitambaa cha njano alikiona, akasema kwa sauti kubwa kwamba hicho ni kifuniko cha pasi ya mkaa. Mtu asiye na mafunzo yoyote ya historia.

Nilipotazama saa, ilikuwa saa nne kasoro. Nikaliosha jembe ziwani, nikalifunga, nikakimbia. Tadea alikuwa amesimama mlangoni mwa Mzee Stephano. Alinivuta ndani kwa mkono wa shati.

Tukakaa. Salamu zikaenda vizuri. Nilizungumza kwa upole unaolingana na jina langu, wala sikuitaja historia hata mara moja. Urban alianza kupumua. Kisha nikaliweka jembe mbele ya Mzee Stephano, naye akafungua khanga.

Khanga ilikuwa imelowa. Nembo imeng'oka. Makali yamepata pengo. Mzee Stephano aliliinamisha jembe, na kwenye tundu la mpini ukamwagika mchanga mkekani, taratibu, kama unga kutoka kwenye kinu. Alipofikiri umekwisha, akaanguka konokono mdogo.

Kisha akauliza, kwa adabu iliyonitisha kuliko hasira, kama huko kwetu Mbinga watu wake wamesikika kuwa wa kupewa vilivyochakaa.

Nilikuwa na jibu! Nikasema sisi Wamatengo tunapowapenda sana wakwe zetu huwaletea udongo wa nyumbani, uwe baraka. Othmar alifumba macho. Mzee Stephano alimwokota yule konokono, akamweka kiganjani, akauliza kama milimani kwetu nako kuna konokono wa ziwa.

Nikasema mvua za mwaka huu zilikuwa nyingi.

Hapo akaingia shangazi wa binti na maji ya kunawa. Kitambaa cha njano! Mchanga hadi viwikoni! Alisimama, akanitazama, akaangua kicheko: Kumbe ni huyu! Kaka, si ndiye babu niliyekuambia, mwenye kuchimba dhahabu ya Mjerumani kwa jembe la mkono? Babu, uliniacha na mashimo, hela iko wapi?

Wazee wao wakaanza kusimama, mmoja mmoja. Mmoja akasema, bila kumtazama mtu, kwamba wiki ijayo kuna wageni wengine, na hao angalau watakuja na gari lao wenyewe. Nilimwona Urban. Uso wake ulikuwa kama wa siku tulipomzika baba yake.

Tadea akapiga magoti. Akasema mume wake hakukusudia tusi, hana akili ya kutunga tusi kubwa kiasi hicho. Akasema nikiona mahali palipopigwa risasi huwa siwezi kujizuia, kama mbuzi na chumvi. Akaeleza yote, hata kijembe cha bustani. Othmar alimsaidia kwa mambo ambayo hakuna aliyemwuliza.

Mzee Stephano akamgeukia Urban. Akasema kijana, sisi hatuna ugomvi nawe. Rudi na mshenga mwingine. Huyu mkane hapa, mbele yetu, yaishe.

Urban aliweka kofia yake mkekani. Kisha akasema, Baba, nisamehe. Huyu ndiye aliyenilea. Nilipougua surua alikaa kitandani kwangu akinisimulia vita, kwa kuwa hajui hadithi nyingine. Ananiaibisha kila mwaka. Lakini kumkana siwezi.

Nyuma ya pazia mtu alikuwa akilia, au akicheka. Sauti ya Stella siijui vizuri. Mzee Stephano aliupangusa mchanga mkekani. Akasema mwanamume asiyemkana baba wa namna hii hatamwacha binti yake kwa sababu ya chumvi kuzidi kwenye mboga. Akasema kaeni.

Posa imekubaliwa! Bwana wa gari atapelekewa salamu asisumbuke. Jembe jipya ataleta Othmar. Na mimi, kwa kuwa jembe hili limekwisha kugusa ardhi, nitamalizana nalo: nilime shamba la mihogo la Shangazi Hilda, mwenye kitambaa cha njano. Wamenipa mpini.

Nimetafakari maneno ya Urban. Ni dhahiri kwamba historia ndiyo iliyotuokoa.

Jumapili, 14 Agosti

Kanisani. Watu wa hapa ni Waanglikana, lakini wamenikaribisha vizuri. Watoto wananiita Babu Mjerumani. Mhubiri alisoma kuhusu hazina iliyositirika katika shamba, na kanisa zima likageuka kunitazama.

Jumatatu, 15 Agosti

Nilimweleza Shangazi Hilda kwamba leo ni sikukuu ya Bikira Maria Kupalizwa Mbinguni, na Mkatoliki hafanyi kazi nzito. Akasema shamba ni la Mwanglikana. Akanionyesha mpaka, akaondoka.

Shamba limeelekea ziwani. Nilipiga hesabu. Mzinga uliopigwa juu kidogo ungeipita meli na kuangukia hapa hapa! Nikaanza kona ya chini, nikaenda chini vizuri, mpaka kiunoni. Aliporudi mchana alichungulia shimo. Kisha akaita majirani. Akawaambia alimwomba mkwe matuta ya mihogo, yeye amechimba makaburi, na waulizane kwanza nani ametangulia. Walicheka mpaka mmoja akaketi chini.

Nimefukia yote. Nimepiga matuta hadi jioni. Viganja vimechubuka. Hilda ameniletea samaki wa kuchoma na ugali wa muhogo, akasema nile, tumekuwa ndugu, ila nikifa nisizikwe shambani kwake kwa kuwa mashimo nimeyafukia mwenyewe.

Jumatano, 17 Agosti

Nyumbani Mbinga. Ukoo umekaa na kutoa uamuzi: kamwe nisiwe mshenga tena kwenda Liuli. Othmar aliusoma uamuzi huo kwa sauti, mara mbili, ingawa hakuna aliyeomba kurudiwa.

Nimeukubali kwa unyenyekevu. Kila mtu alishangaa. Tadea hata akanikorogea chai yenye maziwa.

Baada ya chai nikatandaza ramani ya Tanzania mezani. Uamuzi unasema Liuli. Mikoa mingine hautaji. Lugalo iko Iringa, Wahehe walikompiga Mjerumani mwaka 1891. Mahiwa iko Lindi, mapigano makubwa ya 1917. Na ukoo wetu, Mungu asifiwe, una vijana watatu ambao hawajaoa.

Nimemwita Clemence, mtoto wa Othmar. Nimemkalisha, nikamwambia kwa upole kwamba umri unakwenda. Kisha nikamwuliza kama amewahi kuwafikiria wasichana wa Iringa.