Nadhiri ya Hamira Nyeupe

Jumatatu, 10 Juni

Wiki hii ni yangu. Mwalimu Rachanee atachagua mmoja wetu aende Bangkok kueleza kazi ya maabara. Ni mimi Kongphop au dada Orathai, ambaye hajawahi kukosea hata kuosha kikombe. Kazi yangu tamu. Ndani ya seli, uzi wa urithi umezungushwa kwenye vibonge vya protini, histoni, na kila histoni ina mkia. Mkia ndio unaosaidia uzi kukazwa na jeni kulala. Nimeukata. Jeni ya rangi ikilala hamira huwa nyekundu; ikiamka, hamira yangu itakuwa nyeupe. Ile yenye mkia wake lazima iwe nyekundu, la sivyo hakuna atakayeniamini. Kilichobaki ni kushangiliwa tu.

Jumanne, 11 Juni

Nimepanda hamira kwenye sahani mbili za maabara, ya kwanza isiyo na mkia, ya pili yenye mkia, jicho moja kwenye meza ya Orathai. Anaficha nini yule? Akaniambia, mdogo wangu, angalia chupa zako. Wivu huo. Baadaye nikaenda kwenye kibanda cha ibada cha mlinzi wa mahali, yule roho anayelinda eneo letu, nyuma ya maegesho. Udi, soda nyekundu, nadhiri: hamira ikiwa nyeupe, nitamchezea ngoma mimi mwenyewe, taji kichwani.

Ijumaa, 14 Juni

Nyeupe pe! Sahani zote mbili.

Ole wangu. Zote mbili. Nikasema mlinzi kapitiliza. Orathai akajibu mlinzi hana kosa, nimechota chupa moja mara mbili. Mwalimu akauliza, kwa hiyo mikia haina kazi tena duniani? Niliona aibu kweli. Na nadhiri haina mjadala, nilichoomba nimepewa. Mchana nikacheza, taji la kukodi likiniangukia puani. Nani akapita? Mwalimu na wageni wake. Akacheka mpaka akashika mbavu, akasema hajachagua mtu bado, nirudie jaribio kabla ya Alhamisi. Orathai naye kanipa chupa mpya ya hamira yenye mkia, kaiandika kwa kalamu nene. Nimefurahi, siwezi kusema uongo.

Jumamosi, 15 Juni

Nimefikiri sana, kosa nimeliona. Niliomba vibaya. Leo nimeomba kwa utaratibu: sahani ya kwanza nyeupe, ya pili nyekundu, asichanganye. Nimeahidi ngoma siku mbili. Chupa ya Orathai iko bado kwenye friji, sikuwa na haja ya kuifungua. Sahani zote nimezipanda kwa ile yangu ya zamani, maana mlinzi sasa keshanielewa.