Masharti ya Kukandwa Kibiti

Wananchi wote wa Kibiti, wanaoumwa na wasioumwa, walitangaziwa mwaka 1993 kwamba kuanzia Jumatatu misuli yao imeingia katika mageuzi. Kituo cha Tiba ya Michezo kimefunguliwa, kina kitanda cha wafadhili, na faida zake kwa watu wa mazoezi ni tisa. Bwana Gaudens, Afisa Michezo aliyehamishiwa pwani kutoka bara, alizisoma zote tisa juani, hadi wanamichezo wenyewe wakaketi chini.

Kabla ya hapo ilikuwa vurugu tupu. Aliyeteguka mpirani, au aliyekazwa kiuno na jembe la mpunga, alikwenda uani kwa Bi Zabibu, akakandwa kwa maji ya moto na mafuta ya ufuta, akapona bila kujaza fomu. Gaudens hakuweza kulifumbia macho jambo hilo. Akamwajiri Bi Zabibu kuwa Mtaalamu Msaidizi wa Viungo, akampiga marufuku kumgusa mtu nyumbani kwake, kisha akatunga sharti moja tu: kila mgonjwa athibitishe kuwa ni mtu wa mazoezi kwa kuuzunguka uwanja mara moja, mbio.

Mshamu, beki kutoka Mohoro, alikuja na goti limevimba kama fenesi. Alipiga hatua nne akaanguka, ikaandikwa kwamba si mtu wa mazoezi, akarudishwa kwao kwa baiskeli ya nduguye. Wazima walizunguka bila taabu, wakakandwa, wakasinzia. Miezi mitatu, wagonjwa mia na kumi, wote wamepona. Gaudens alipoziona takwimu hizo machozi yalimlengalenga, maana kokote alikopita kazini hakuwa amefaulu kitu.

Mkoa ukamtuma mkaguzi, Bwana Deusdedit, aje ajionee. Asubuhi ya ugeni Gaudens aliinama kunyoosha shuka ya kitanda, kitu kikalia "ka!" mgongoni, asiinuke tena. Akamwomba Bi Zabibu amkande upesi kabla gari halijafika.

"Zunguka uwanja kwanza, Bwana Afisa."

"Mama, sharti hilo nimeliandika mimi."

"Ndo maana nalifuata, mwanangu. Umeliandika vizuri."

Alipomsihi waende basi uani kwake, Bi Zabibu alimwonyesha marufuku iliyobandikwa mlangoni, ina mhuri. Gaudens akaanza kuzunguka, amepinda, mkono kiunoni. Wapita njia walimtazama, wakashika njia yao. Mwiba wa kujichoma hauambiwi pole.

Gari la mkoa lilimkuta kwenye kona ya kwanza, sasa anatambaa. Mkaguzi alilisoma daftari la wagonjwa kwa furaha, kisha akauliza yule ni nani. Bi Zabibu akamjibu kuwa ndiye Bwana Afisa mwenyewe, anaumwa, anaomba kupokewa. Mkaguzi akafikiri kidogo.

"Msimpokee," akasema. "Kituo hiki hakijashindwa na mgonjwa hata mmoja. Huyu ataharibu takwimu."

Gaudens aliisikia amri hiyo kutoka konani. Aliiona ni ya busara kabisa, hata yeye angeitoa. Ila mgongo uliuma, akalia.