Betri ya Mzee Apolinari na Uso wa Mama Mkwe

Jumatatu, 2 Agosti 1976. Kashaulili.

Situlii. Jumamosi jioni wazazi wa Pelagia, binti ninayemposa, wanakuja kutoka Mwamkulu kuiona nyumba yangu kabla hawajanikubali, na jioni nyumba yenyewe haionekani. Nina koroboi moja, moshi mwingi kuliko mwanga. Jirani yangu Melkiadi, fundi cherehani, amenunua karabai. Anaitundika barazani makusudi. Mtaa mzima umehamia kwake, na Pelagia, anayejifunza kushona hapo, ndiye anayeipampu. Leo nimemsikia akisema kwenye mwanga ule mtu anatunga uzi bila kukodoa macho. Alisema huku akimtazama Melkiadi. Au aliitazama karabai, sijui.

Ila nimepata wazo. Mimi ni dereva wa Land Rover ya Mzee Apolinari, mwenye mashine ya kukoboa mpunga. Jioni gari linalala. Betri nayo inalala bure. Kwa nini?

Jumanne, 3 Agosti.

Nimeileta betri kwa baiskeli, chini ya gunia. Melkiadi akauliza nimebeba nini. Boga, nikasema. Akasema boga langu linavuja. Kweli lilikuwa linavuja: maji ya betri yamekula suruali yangu ya kanisani, pajani pote.

Lakini taa imewaka! Balbu ndogo ya indiketa, waya mbili, basi. Umeme nyumbani kwangu. Niliutazama mpaka ukawa wa njano, kisha mwekundu, kisha nikawasha koroboi nione ulikokwenda.

Jumatano, 4 Agosti.

Asubuhi nimeirudisha betri, gari limegoma. Nikapiga hendeli ya kuwashia, ikarudi ikanipiga kifundo cha mkono. Mzee akasema gari limezeeka. Nikakubali haraka, nikasema umri hauna dawa.

Betri inajaa gari likitembea, kila dereva anajua. Kwa hiyo lazima litembee. Mzee kanituma chumvi duka la pili kutoka mashineni. Nikapitia njia ya Mwamkulu, nikageuzia karibu na mashamba, nikarudi. Mzee akauliza kama chumvi nimeifuata Uvinza. Wapakiaji wakacheka. Nikasema nilikuwa nasikiliza breki. Akauliza breki zimesema nini. Mtu huyu ana maneno.

Jioni balbu imekaa muda mrefu kidogo. Ila ni ndogo. Wakwe watadhani ni kimulimuli.

Alhamisi, 5 Agosti.

Nimetafuta kila sababu ya kuendesha. Nimewapa watu lifti bila kuombwa. Bibi mmoja alikuwa anakwenda kwa jirani yake tu. Nikamtembeza mji mzima na kuku wake, akashuka analalamika kwamba sasa yuko mbali kuliko alipokuwa. Nimelizunguka kanisa mara nyingi. Melkiadi alikuwa amesimama kando ya njia. Akaniuliza kama nimeweka nadhiri. Imeniuma, kwa sababu Pelagia alikuwa nyuma yake na sindano mdomoni, anajizuia kucheka.

Nitawaonyesha. Nimefungua taa kubwa ya mbele ya Land Rover, ya kushoto, pamoja na bakuli lake. Ya kulia inatosha kwa kazi ya mchana.

Ijumaa, 6 Agosti.

Shangazi Hilaria, mshenga wangu, amekuja kufagia na kupanga mikeka. Ameiona taa juu ya boriti, akaguna. Akanikumbusha kwamba mkwe na mama mkwe hawatazamani usoni, sembuse mmoja kumwona mwenzake akitafuna. Mama Theopista, mama yake Pelagia, anashika mila kwelikweli. Atakaa kona ya giza, ameupa mgongo mlango, na koroboi ikae mbali naye. Koroboi inatosha, akasema. Nikamwambia hizi ni zama za maendeleo. Akasema maendeleo yakae barazani.

Shangazi namheshimu, lakini mambo ya umeme hayajui.

Jumamosi, 7 Agosti.

Naandika kwa koroboi ileile.

Walifika magharibi. Shangazi akawasha koroboi, akaiweka upande wa wanaume. Mzee Josephat, baba yake Pelagia, akasifu kuta, akasifu paa, akasema kijana ametulia. Mimi nilikuwa kizingitini mwa chumba cha kulala, waya mkononi, nangoja. Kuku akaletwa. Kule kizani Mama Theopista akaona hakuna anayemwona, akateremsha kanga, akageukia sinia. Nikaunganisha waya.

Mungu wangu! Taa ilikuwa imeelekea kona yake, mwanga ukampiga yeye tu, uso mzima, na paja la kuku mdomoni. Akanitazama. Nikamtazama. Shangazi akajifunika yeye. Mama Theopista akapiga yowe, akatoka na paja lake.

Akasema wanarudi Mwamkulu sasa hivi. Nilikuwa nimeahidi kuwapeleka kwa gari la Mzee, nililoliegesha nje. Nikairudisha betri garini mbio, lakini ile taa ilikuwa imeinywa yote. Hendeli, hakuna. Mzee Josephat akavua koti la kanisani akasukuma, akiwa na heshima zake zote, mpaka mfereji wa mashine. Gari likakohoa, likanyamaza.

Ndipo Melkiadi akaja na karabai. Akatangulia mbele, wakamfuata kwa miguu, Mama Theopista nyuma yake kabisa, anamshukuru kila hatua. Pelagia naye alikwenda. Nimeusindikiza ule mwanga kwa macho mpaka ulipopotea. Nimelia, na sioni aibu kuandika hivyo.

Jumapili, 8 Agosti.

Mzee Apolinari ameona gari lina jicho moja. Nikasema wezi. Akasema mwizi huyo ameiacha taa juu ya boriti yake. Amechukua funguo. Kuanzia kesho nazoa pumba.

Lakini Shangazi ametoka Mwamkulu na habari. Pelagia amecheka tangu jana hajamaliza, na amewaambia wazazi wake kwamba Melkiadi ni mwalimu wake wa kushona, hakuna zaidi. Ananitaka mimi! Wazazi wanadai mbuzi mweusi wa kufuta aibu. Nimpeleke mwenyewe, giza likishaingia, na Mama Theopista asiuone uso wangu. Nikikosea tena, posa imekufa. Shangazi ameniambia mara tatu kwamba niende gizani, nimfunge mbuzi, niondoke.

Nimelifikiria jambo hili jioni nzima. Gizani mbuzi mweusi ataonekanaje? Watadhani nimeleta kamba tupu. Na nyuma ya mashine kuna trekta la Mzee, betri yake kubwa kama mzinga wa nyuki, limekaa tu. Nitaifunga kwenye baiskeli, na taa mbele, iwaelekee wao. Mimi nitakuwa nyuma ya mwanga, hakuna atakayeuona uso wangu. Na wao nitawaona vizuri sana.