Mama Mkwe wa Kwanza Kwenye Skrini

Jumatatu, 6 Julai

Mama mkwe amefika kwetu na shavu limevimba upande mmoja. Jino! Hali kitu, anakunywa maziwa kwa mrija. Mke wangu ameniuliza, kwa upole unaonitisha, kama kweli ni mimi ninayeendesha ile skrini ya foleni kwenye kliniki ya meno. Niliwahi kujisifu hivyo siku nilipokuwa sina la kujisifia. Ukweli: programu ya skrini ile aliiandika Bi Taratibu, mwenzangu wa dawati la pili. Mimi nilichagua rangi. Nikajibu kwamba mama asijali, hatakaa foleni. Mama mkwe akanishukuru kwa nusu ya mdomo, nusu nyingine haifunguki. Miaka yote ya ndoa hajawahi kunishukuru hata kwa robo.

Jumanne, 7 Julai

Bahati imenifuata yenyewe! Mkubwa wa ofisi amesema kliniki inataka skrini ionyeshe majina matano ya mwanzo badala ya matatu. Kazi ya kubadilisha tarakimu moja. Nikajitolea kabla hajamaliza sentensi. Bi Taratibu akanitazama juu ya miwani, akasema nibadilishe hiyo tarakimu tu. Wivu.

Mpango wenyewe ni mwepesi. Foleni yote ni safu ya majina ndani ya programu. Natengeneza kisafu changu chenye jina moja, la mama mkwe, nakiunganisha na foleni kwa amri ya concat: yeye mbele, umma nyuma. Mstari wa kuunganisha nimemwibia Bi Taratibu mahali pengine. Halafu natoa watano wa mwanzo waonekane. Yeye alitumia slice kuwatoa. Nimeifuta, nimeweka splice, maana nimesoma mahali kwamba ina nguvu zaidi. Nguvu ya kufanya nini, sikufika huko. Muda ulinibana.

Jumatano, 8 Julai

Ardhi ingepasuka leo ningeingia mwenyewe, bila kusukumwa.

Niliomba ruhusa nimsindikize mama mkwe, nile sifa papo hapo. Chumba kimejaa, kila mtu kashika shavu. Tuliingia wa mwisho. Nikamwambia mpokezi, kwa sauti ya mwenye mali, kwamba huyu hana haja ya kuandikishwa. Skrini ikawaka. Jina la kwanza, mama mkwe! Nikajifanya nimeshtuka. Akainuka, akatengeneza mtandio, akamuaga hata jirani yake wa benchi. Hajafika mlangoni, jina halipo! Wala majina ya wanne waliomfuata. Wakaja watano wengine. Dakika moja, nao hawapo. Wakaja wengine, wakafutika. Mwisho skrini ikaandika kwamba hakuna mgonjwa anayesubiri. Chumba kizima kiliisoma. Daktari naye aliisoma kule ndani, akavua glavu akatoka kwenda kunywa chai, akagongana na umati.

Nikampigia simu Bi Taratibu, nimejificha chooni. Akaeleza polepole kwamba slice huchukua nakala ya kipande, na foleni inabaki nzima. Splice hukikata kipande chenyewe na kukiondoa. Kila mara skrini ilipojionyesha upya, nilikuwa nawanyofoa watu watano. Nikamwambia hayo nayajua, nilitaka kuona kama na yeye anayajua. Akasema anakuja.

Sikumsubiri. Nikazunguka benchi kwa benchi kuandika majina upya. Jaribu kumuuliza jina mtu mwenye jipu kwenye ufizi! Mzee mmoja nimemwandika kwa kukisia. Nikakaa kwenye kompyuta ya mpokezi, nikaunganisha majina yote kwa concat, nikabonyeza, nikatazama skrini. Hakuna mgonjwa anayesubiri. Nikabonyeza tena. Hakuna. Kumbe concat haiigusi foleni iliyopo. Inaunganisha pembeni na kukupa safu mpya, uipokee na kuiweka mahali. Jana nilipata kwa sababu nilinakili. Leo nilikuwa naandika kwa akili yangu. Ilinipa safu mpya kila mara, na kila mara nikaiacha ipotee.

Bi Taratibu alipofika alitengeneza haraka mno, naona alifanya makusudi. Ikabaki kupanga nani alikuja kabla ya nani. Makelele! Mpokezi akamuuliza mama mkwe alimkuta nani mbele yake. Nikamkonyeza. Akanitazama, halafu akamjibu mpokezi, tena wazi kuliko alivyosema wiki nzima: "Mimi nilikuja wa mwisho, mwanangu." Akaenda kukaa mwisho. Kliniki ikafungwa kabla hajafikiwa.

Nimeona aibu. Kusemwa na mpokezi nimezoea, hilo halinisumbui. Lakini mama wa watu kashika shavu njia nzima mpaka nyumbani, na hakunilaumu hata kidogo. Sina pa kuuweka uso.

Alhamisi, 9 Julai

Jino limetoka. Alikwenda asubuhi na mke wangu, wakaandikishwa kama watu. Sikualikwa. Mke wangu hasemi na mimi moja kwa moja. Anamwambia mama yake aniambie, na mama yake ana pamba mdomoni. Habari nyingi za nyumba hii hazinifikii.

Ijumaa, 10 Julai

Mkubwa ameniita. Akauliza jina lisiloandikishwa lilifikaje mbele ya foleni. Nikaanza kusema habari za mtandao. Bi Taratibu, aliyekuwa amesimama mlangoni, akasema anaomba niachwe niseme mwenyewe. Angenisengenya tu ningemchukia kwa raha! Nikasema. Masikio yalikuwa ya moto, na sauti ilitoka kama ya mtoto aliyevunja sahani. Mkubwa akaamua nisiiguse foleni ile bila Bi Taratibu kukagua. Akirudia kusikia jambo langu, nitafute kazi kwingine. Nikaahidi kwa moyo wote.

Jumapili, 12 Julai

Mama mkwe anarudi kesho kuangaliwa kidonda. Mke wangu amemwandikisha kwa simu, na yuko wa saba. Saba! Baada ya niliyomfanyia! Moyo umeniuma mchana kutwa.

Leo ni siku ya mapumziko, Bi Taratibu hayupo, kwa hiyo hakuna ambaye angeweza kukagua. Nimefungua programu. Kwenye foleni ya Alhamisi nimekata nakala ya mama mkwe kwa slice, kwa adabu, nikaiunganisha mbele ya foleni ya kesho kwa concat, na safu mpya nimeipokea vizuri. Nikajaribu. Hakuna aliyepotea hata mmoja! Mama mkwe ni wa kwanza, na tena ni wa nane. Akipitwa mara ya kwanza, ataitwa ya pili. Kwenye ile nakala ya mbele, pembeni ya jina, bado pameandikwa "kung'oa". Sikupagusa. Daktari ni mtu aliyesoma, ataelewa mwenyewe.

Nimemwambia mke wangu kwamba kesho mama ataingia wa kwanza. Amegeuka na kunitazama, mimi mwenyewe, moja kwa moja. Nadhani nimesamehewa.