Paa la Foleni na Miezi ya Bro

Mheshimiwa Meya, Waheshimiwa Madiwani, Mheshimiwa Padre, Mheshimiwa Daktari wa zahanati hii, waheshimiwa wagonjwa mlio kwenye foleni, na mheshimiwa mimi mwenyewe, Evilásio Cantanhede, Mkurugenzi wa Idara ya Kivuli na Upepo hapa Teresina, mji wa joto kuliko yote Brazili: itifaki imezingatiwa. (Makofi ya mtu mmoja, naye ni dereva wangu.)

Leo ni tarehe thelathini na moja Agosti. Kesho tunaingia setembro, kisha outubro, novembro na dezembro, ile miezi minne yenye mkia wa "bro" ambayo hata lami hulainika kama jibini. Kufuatia upembuzi yakinifu na mchakato shirikishi wa wadau wote, yaani mimi na feni yangu, tulibaini kwamba asilimia mia moja na nne ya wanaosubiri dawa ya presha hapa husubiri juani. (Dona Lindalva, kutoka kwenye foleni: "Baba, hilo tunalijua bila feni!" Kicheko.)

Asante, mama. Idara ikaazimia kujenga paa. Lakini miezi ya bro fundi hapandi juu, ataungua, tukasubiri mvua. Januari mvua ikaja, na saruji haitaki mvua, tukasubiri pakauke. Juni na Julai kukawa na kaubaridi, mji mzima ukavaa sweta, na nani atakumbuka kivuli akiwa ndani ya sweta? Hivyo ndivyo tulivyochapa kazi miaka sita bila kupumzika. ("Jamani, huyu!")

Mke wangu Socorrinha, aliyekuwa akiloweka shuka na kulitundika mlangoni ili mimi nilale mchana, alikataa kutaja jina langu ili aruke foleni. Aliniambia, "Bati moja tu, Vivi, sikuombi kanisa." Outubro iliyopita alianguka hapa, akiwa wa saba, na hakuamka. (Dona Lindalva: "Pole, baba. Malizia.")

Namalizia. Kivuli! ("Kwa wote!") Paa! ("Lini?")

Kwa unyenyekevu mkubwa namshukuru mkandarasi ambaye sikumteua, mafundi ambao sikuwaita, na ninyi mliosimama juani saa nzima kuzindua paa ambalo hata kwenye karatasi sikulichora. Asanteni sana.

Wa mwisho kwenye foleni ni nani? Niko nyuma yake.